Mgeni wa Kazi na Nyumba Aliyofikia



Kila mwaka vijana wa shule na vyuo huvuka mipaka ya nchi zao kwenda kufanya kazi ya kujitolea: kujenga madarasa, kupanda miti na kadhalika. Wengi wao hukaa majumbani mwa wenyeji. Baadhi yao huja kwetu Uganda, na huenda siku moja wewe nawe ukaenda kwa jirani. Basi yafaa tujue mambo haya yalianzaje, na ni nini kimpasacho mgeni wa namna hiyo.

Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya kwanza, Mswisi mmoja, Pierre Cérésole, alikusanya watu wa mataifa kadhaa, Wajerumani wakiwamo. Wakaenda Esnes, kijiji cha Ufaransa karibu na Verdun kilichobomolewa na mizinga, wakawajengea wenyeji vibanda vya mbao. Kazi hiyo ilidumu miezi michache tu, maana uchungu wa vita ulikuwa ungali mbichi. Hapa twajifunza ya kwamba nia njema peke yake haitoshi. Hapana budi mwenyeji naye aridhie.

Desturi ya kukaa na wenyeji ilienezwa na Mmarekani Donald Watt. Mwaka 1932 aliwapeleka vijana wa kwao Uswisi, wakakaa kambini pamoja na vijana wa Ulaya. Baadaye akaona kuwa nyumba hufunza kuliko kambi, akawaweka vijana katika familia. Miongoni mwa waliosafiri kwa mpango huo katika miaka ya 1930 alikuwamo Sargent Shriver, ambaye mwaka 1961 alikuwa mkuu wa kwanza wa Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea. Mwaka huo huo watu wake wa kwanza walifika Tanganyika, wakiwamo wapima ardhi na wahandisi. Katika miaka ya karibuni, wale waliopelekwa Tanzania wamekuwa wakianza kwa kukaa majuma kadhaa na wenyeji, wakijifunza Kiswahili kabla ya kwenda kazini.

Kukaa nyumbani kuna faida tatu. Kwanza, lugha huingia upesi, maana mtoto wa nyumba hachoki kumsahihisha mgeni. Pili, mgeni huona kwa macho yake shida iliyo kubwa na iliyo ndogo. Tatu, hawezi kumdharau mtu ambaye amekula kwake.

Lakini faida hizo zina gharama, nayo humwangukia nani? Tupige hesabu. Mgeni akitumia madumu mawili ya maji kwa siku, kila moja la lita 20, basi kwa siku 21 ametumia madumu 42, yaani lita 840. Kama maji ni ya kisimani, ni nani aliyeyateka? Mara nyingi ni binti wa nyumba ile, rika moja na mgeni, ambaye naye ana vitabu vya kusoma na mtihani unamngoja. Kumbe mgeni aliyekuja kujenga darasa amemtoa mwanafunzi mmoja darasani!

Kwa hiyo naona mgeni wa kazi ashike mambo matatu. Ateke maji yake mwenyewe, tena aamke mapema na kufagia pamoja na wengine. Gharama ya chakula chake ipatanwe na mwenye nyumba kabla hajafika, wala isiachwe kwa huruma. Na huko kazini amtii fundi wa kijiji. Kijana asiyejua kushika mwiko wa uashi hana sababu ya kumnyang'anya fundi riziki. Na awe msaidizi wake, abebe matofali na kuchanganya udongo.

Nanyi ndugu mlio na nyumba zenu, mkipokea wageni hao, msiwafiche kazi. Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu twaona haya kumpa jembe mgeni aliyetoka mbali, hasa akiwa Mzungu. Tuache haya hiyo. Kumpa jembe si kumvunjia heshima. Ni kumhesabu kuwa mmoja wa nyumba.