Soko la Ajira: Mshahara Mmoja, Miji Miwili

Daktari anayeanza kazi serikalini hulipwa kwa ngazi ileile, awe Mawenzi mjini Moshi au Amana jijini Dar es Salaam. Tuchukue mfano wa sh. 1,500,000 kwa mwezi. Makato ni haya: PSSSF (asilimia 5), sh. 75,000, kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, sh. 255,500, NHIF (asilimia 3), sh. 45,000, mkopo wa elimu ya juu (asilimia 15), sh. 225,000. Zinabaki sh. 899,500.

Hapo ndipo miji inapoachana. Ndizi za Kibosho na Uru zina safari fupi hadi soko la Mbuyuni. Zinazokwenda Dar husafirishwa zaidi ya kilomita 500, na nauli ya lori hulipwa na mlaji. Aliyepanga pembezoni mwa Dar huongeza daladala za kila siku. Lakini Dar ina hospitali binafsi nyingi zaidi za kutafuta kazi ya ziada.

Kumbuka: kila sh. 100,000 ya pango inayozidi hula asilimia 11 ya pesa hiyo ya mkononi. Kabla ya kuomba uhamisho, ulizia pango, na miezi mingapi hulipwa kwa mkupuo.