KOO LA MTU NA KOO LA NG'OMBE

Mkulima, weka kidole mbele ya shingo yako, kisha umeze mate. Utasikia kitu kigumu kikipanda na kushuka. Hicho ndicho kichwa cha bomba la pumzi. Nyuma yake liko umio, yaani njia ya chakula. Kila umezapo, bomba la pumzi hupanda na kufungwa na kifuniko kidogo, nacho chakula hupita nyuma mpaka tumboni. Lakini ukicheka au kusema huku unameza, huenda njia ya pumzi isizibwe vizuri, nawe utapaliwa.

Ng'ombe naye ana njia mbili kama wewe, lakini umio wake hufanya kazi kwenda na kurudi. Humeza majani bila kuyatafuna sana, baadaye huyarudisha kinywani na kucheua. Tena hewa ya tumbo lake kubwa hutoka kwa njia hiyo hiyo, nayo kwa ng'ombe mkubwa yaweza kuwa lita 30 kwa saa moja au zaidi.

Kwa hiyo shika mambo haya matatu:

1. Usimpe ng'ombe viazi vizima. Vikatekate vipande vyembamba. Kiazi kikikwama, hewa haitoki. Tumbo huvimba upande wa kushoto, na ng'ombe aweza kufa kwa muda wa saa chache. Usikisukume kwa fimbo, maana umio waweza kupasuka. Mwite daktari wa mifugo upesi.

2. Unapomnywesha dawa, usiinue kichwa sana: pua isiwe juu kuliko jicho. Usimvute ulimi, kwa sababu akivutwa ulimi hawezi kumeza sawasawa. Ingiza chupa pembeni mwa mdomo, mahali pasipo na meno, umpe kidogo kidogo. Akikohoa, mwachie kichwa mara moja akishushe.

3. Ng'ombe aliyeanguka kwa homa ya maziwa baada ya kuzaa, usimnyweshe kitu chochote. Misuli yake ya kumezea imelegea, na dawa yaweza kuingia mapafuni. Hapo atakufa kwa dawa, si kwa ugonjwa. Tiba yake ni sindano ya kalsiamu, na akiipata mapema mara nyingi husimama siku hiyo hiyo.

Sheria hii ya tatu ni ya watu pia. Mtu aliyezimia hapewi maji wala chai mpaka azinduke na aweze kumeza mwenyewe.