KUHESABU VIDONGE VYA MALALE

Ndugu mgonjwa, zamani dawa za malale zilipigwa kwa sindano, na mwuguzi aliona kwa macho yake dawa ikiingia mwilini. Hakuwa na haja ya kuuliza. Mwaka 2018 Kongo ilikubali dawa ya kumeza, jina lake feksinidazoli. Ni nafuu kubwa kwetu Kasongo na Kabambare, lakini kidonge chaweza kufichwa chini ya ulimi.

Mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi humeza vidonge 3 kila siku kwa siku 4, kisha 2 kila siku kwa siku 6. Jumla yake 24. Basi siku ya 7, akiisha kumeza, shurti vibaki 6. Vikibaki 8, siku moja imerukwa. Je, vikibaki 6 tumejua yote? Hapana, pengine vingine vimetupwa chooni. Kwa hiyo mwuguzi hukaa karibu, akaangalia mpaka umemeza, akasema, “Mama, fungua kinywa.” Usikasirike, hakuiti mwongo. Wadudu wakibaki katika ubongo, ugonjwa hurudi, nao huua.

Tena atauliza, “Umekula nini?” Dawa hii ikimezwa na tumbo tupu, mwili huipokea kidogo tu. Ninyi mnaomlinda mgonjwa, leteni wali mapema, wa kushibisha, si uji mwepesi.

Wengi huona kichefuchefu. Ukitapika, hata usiku, mwambie mwuguzi. Usimeze kingine kwa siri, maana hesabu itaharibika.