Ufizi Ukilika, Jino Zima Huanguka

Mtu asafiriye kando ya mto Tana, toka Hola hata Garsen, huiona miembe mingi iliyopandwa na Wapokomo katika kingo za mto. Mafuriko yakija huzila kingo hizo, na pengine mwembe mkubwa huanguka majini. Ukilitazama shina lake, huoni tundu wala uozo. Mti ulikuwa mzima. Udongo ulioishika mizizi yake ndio uliochukuliwa na maji.

Meno ya watu wazima wengi hupotea vivyo hivyo. Jino halina tundu hata moja, lakini hulegea, hucheza, na mwisho hutoka, kwa sababu ufizi na mfupa ulioshika mzizi wake umeharibika. Watu wengi hudhani kwamba jambo hilo ni la uzee tu. Sivyo. Chanzo chake hasa ni ukoga.

Ukoga ni utando laini unaofanyika juu ya meno kila siku, na ndani yake mna vijidudu visivyohesabika. Usipoondolewa hugeuka kuwa mgumu kama jiwe, wala mswaki hauwezi tena kuubandua. Vijidudu vile huuchokoza ufizi hata ukavimba na kutoka damu. Ugonjwa ukiachwa, huingia chini mpaka kwenye mfupa. Ndipo kinywa hunuka, usaha hutoka, na meno huanza kulegea. Ifahamike kwamba watu wengi wana weusi wa asili katika ufizi, na huo si ugonjwa. Zitazamwe dalili za uvimbe na damu.

Mwaka 1965 wataalamu wa Aarhus, katika nchi ya Denmark, walitangaza habari za jaribio lao. Watu 12 wenye ufizi mzima waliacha kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa wamevimba ufizi. Walipoanza kuyasafisha tena, ufizi ulipona baada ya siku chache. Hapa pana mafunzo mawili: ugonjwa huu huja upesi, na ukiwahiwa mapema huondoka kabisa. Lakini mfupa uliokwisha kulika haurudi wenyewe.

Basi kosa kubwa ni la yule aonaye damu akauweka mswaki chini, akisema, "Nitajiumiza." Huyo ni kama mkulima aachaye kupalilia kwa sababu magugu yamezidi. Damu ni ishara ya kusafisha kwa bidii zaidi, ila kwa mkono mwepesi.

Wakazi wa Tana hawana sababu ya kusema kwamba hawana fedha. Mti wa mswaki huota katika nchi yao, Waislamu hujua kwamba kuutumia ni sunna, na Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba ukitumiwa vema unafaa. Njia ya kuutumia ni hii:

1. Kata kijiti kibichi chenye unene wa kidole kidogo, kioshe, umenye ganda la ncha, kisha uitafune mpaka iwe nyuzinyuzi.

2. Sugua taratibu pale jino linapokutana na ufizi, kwa upande wa nje na wa ndani pia. Wengi husugua meno ya mbele tu, wakayasahau magego na upande wa ulimi, na huko ndiko ukoga hujificha.

3. Nyuzi zikichakaa, zikate, utengeneze ncha mpya. Kila mtu awe na mswaki wake.

4. Safisha mara mbili kila siku, na usikose kabla ya kulala.

Atumiaye mswaki wa dukani achague ulio laini, aubadili kila baada ya miezi mitatu hivi, na atumie dawa ya meno yenye floraidi, ambayo huzuia meno kutoboka. Mchanga usitumiwe, maana huukwaruza ufizi na kulila jino.

Wako watu wanaopaswa kujihadhari zaidi. Mvutaji wa tumbaku huharibikiwa upesi, tena tumbaku huificha damu, hata asijue kwamba anaugua. Mwenye kisukari hushikwa kwa urahisi. Mama mja mzito huweza kuvimba ufizi, naye asiambiwe kwamba ni desturi ya mimba kula meno. Asafishe kinywa chake kama kawaida. Watoto wadogo wasafishwe meno na wazazi wao mpaka mikono yao iweze kazi hiyo.

Ikiwa damu haikomi baada ya majuma mawili ya kusafisha vema, au jino linacheza, mgonjwa aende hospitali, kama ile ya Hola au ya Ngao, aulize habari za daktari wa meno. Ukoga uliokwisha kuwa jiwe hubanduliwa kwa vyombo vyake tu. Asingoje maumivu, kwani ugonjwa wa ufizi mara nyingi hauumi mpaka jino limekwisha kulegea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.