Kisima cha Uani Kina Mlango?

Umetumwa dukani, dada yuko jikoni. Je, mdogo wako wa miaka miwili yuko wapi?

Mtoto mdogo hazami kwa kelele. Anachungulia kisima, anatumbukia, kimya. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kuweka kizuizi kati ya watoto wadogo na maji.

Kule New South Wales, Australia, sheria inadai bwawa la kuogelea la nyumbani lizungushiwe uzio wa mita 1.2, wenye geti linalojifunga lenyewe. Hapa kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamruhusu mwenye ardhi kuchimba kisima cha mkono kwa matumizi ya nyumbani bila kibali. Basi, iwe Mikindani au Msimbati, mkaguzi wa kwanza ni wewe!

Kagua leo:
1. Ukuta wa kisima unafika kiunoni kwa mtu mzima?
2. Mfuniko ni mzito, na unarudishwa kila mkimaliza kuchota?
3. Kuna uzio wa fito au mianzi pande zote, na komeo liko juu?
4. Ndoo, kinu na matofali viko mbali? Mtoto atavipanda!

Akitumbukia, piga yowe, lete kamba. Usijirushe ndani, mtazama wawili. Akitolewa hapumui, usimning'inize kichwa chini. Mpulizie pumzi mdomoni, kisha mkandamize kifua. Hata akizinduka, mpeleke zahanati.

Kisima chenu kimepata ngapi kati ya 4? Waonyeshe wazazi jibu lako.