Mwalimu, Tovuti za Utafiti Zichague Hivi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

"Nendeni mkatafute mtandaoni" si kazi ya utafiti. Mwanafunzi wa kidato cha pili atanakili ukurasa wa kwanza atakaoukuta, na lawama hiyo ni ya mwalimu.

FANYA

Anza na swali, ndipo utafute tovuti. "Idadi ya watu Tanzania" si swali. "Kwa nini watu wa mkoa wetu wameongezeka haraka kuliko wa mkoa jirani tangu 2012?" ni swali, na litakufikisha kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu.

Soma kila ukurasa mwenyewe, hadi chini. Tazama nani kaandika, mwaka gani, kuhusu eneo gani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Ukurasa unaotaja milioni 45 bila mwaka unapotosha, hata kama namba yenyewe ilitoka serikalini. Ipo pia 59,851,347 ya sensa ya 2022, nayo ni sahihi kabisa, ila ni ya Tanzania Bara peke yake; Zanzibar ilikuwa na 1,889,773. Mtoto akizikuta namba hizi bila maelezo atachagua kwa kubahatisha, na huko si kutafiti.

Toa tovuti tano, zisizidi. Kando ya kila anwani andika atapata nini hapo na asome sehemu ipi.

Pakua mapema. Bando huisha kipindi kikiwa katikati. Wikipedia, ya Kiswahili ikiwemo, husomeka bila intaneti kwa programu ya Kiwix. Iweke kwenye kishikwambi chako. Vitabu vya kiada vimo katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

USIFANYE

Usiweke kiungo kwa sababu tu mwenzako amekirusha kwenye kundi la WhatsApp.

Usipige marufuku Wikipedia, wala usikubali mwanafunzi aishie hapo. Mwisho wa makala pana orodha ya vyanzo. Mfundishe kuvifuata, wengi hawajaambiwa hata kwamba vipo.

Usimpeleke mtoto kwenye tovuti inayodai namba ya simu au jina la shule yake kabla ya kumfungulia somo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022. Isome.

Usigawe orodha ya mwaka jana bila kuikagua. Kila muhula fungua viungo vyote, tena kwa simu ya kawaida kama ya mzazi, si kwa kompyuta ya ofisini. Kisichofunguka kifute siku hiyohiyo.