Mwendo Kwanza, Mstari Baadaye

Mtazame mchezaji wa gofu wa Jumamosi akiwa grini, mita 12 kutoka shimoni. Anachuchumaa nyuma ya mpira. Anazunguka upande wa pili, anafumba jicho moja na kuning'iniza fimbo mbele ya uso kama fundi mwashi anayepima ukuta. Anamuuliza kedi, "Kulia au kushoto?" Baada ya shughuli yote hiyo, mpira unakwenda palepale alipolenga, unaishiwa pumzi na kusimama mita tatu kabla ya shimo. Puti ya pili inapita pembeni. Ya tatu inaingia huku wenzake wakitazama viatu vyao.

Kukosea mita tatu kulia au kushoto ni nadra hata kwa anayejifunza. Kukosea mita tatu mbele au nyuma hutokea kila wikendi, na bado watu wanabishana kuhusu mstari.

1. Shimo hupanuka na kusinyaa. Kwenye karatasi upana wake ni milimita 108, kipimo kilichowekwa mwaka 1891, na mpira una kipenyo cha milimita 42.67. Mipira miwili ingepita sambamba na nafasi ikabaki. Lakini upana huo wote ni wa mpira unaofika taratibu. Ukija kwa kasi, unaogusa ukingo huzunguka mdomo wa shimo na kutoka upande wa pili, kwa hiyo sehemu inayoupokea hubaki ile ya katikati tu. Mwanafizikia Brian Holmes alipiga hesabu hizo mwaka 1991: kwenye grini tambarare, mpira unaofika ukingoni kwa zaidi ya takriban mita 1.6 kwa sekunde huruka shimo hata ukipita katikati kabisa. Kwa hiyo unapochagua mwendo, unachagua pia ukubwa wa shimo unalolilenga.

2. Ukikosa, kosa kwa nusu mita mbele. Dave Pelz, aliyekuwa mtafiti wa NASA kabla ya kugeukia gofu, alipendekeza mwendo ambao ungeupeleka mpira inchi 17, yaani kama sentimita 43, kupita shimo lililozibwa. Hoja yake iko chini ya miguu yetu. Wachezaji hawakanyagi ukingo wa shimo, ila hukanyaga sana eneo linalouzunguka, na kufikia alasiri pamejaa vishimo vya viatu. Mpira unaokaribia kusimama husukumwa huku na huku na vishimo hivyo. Bingwa wa zamani Bobby Jones alikuwa na mtazamo mwingine: alipenda mpira ufike umechoka, ili uweze kuangukia ndani hata kwa mlango wa pembeni. Mimi niko na Pelz kwenye puti za kupanda na kwenye tambarare. Kwenye mteremko mkali nahamia kwa Jones bila aibu.

3. Ya mbali usiiwazie shimo. Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alichambua takwimu za mapigo ya wachezaji wa PGA Tour, na matokeo yake yanafariji. Kutoka futi 8, yaani karibu mita 2.4, mabingwa hao huingiza kama nusu tu. Kutoka mita 10 hivi, uwezekano wa kumaliza kwa puti moja unalingana na ule wa kupiga puti tatu. Hao ndio wanaoishi kwa mchezo huu! Wewe mwenye handikapu ya 22, chora kichwani duara la mita moja kuzunguka shimo, kisha uwe na kazi moja tu: mpira ulale ndani ya duara hilo. Ukiingia, chukua zawadi na ushukuru.

4. Umbali uamuliwe na urefu wa safari ya fimbo, nguvu ziache. Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Mtu anarudisha fimbo nyuma sana, anaingiwa na hofu njiani, anapunguza kasi kabla ya kuugusa mpira. Au anairudisha kidogo mno, halafu anaudokoa kwa viganja. Yote mawili hutoa mwendo usiotabirika. Weka mdundo uleule kwa kila puti, kwa kuhesabu moja nyuma na mbili mbele, kisha urefushe au ufupishe tu ile safari ya fimbo.

Zoezi lake ni rahisi. Chomeka vijiti vitatu kwenye grini ya mazoezi: mita 3, mita 6, mita 9. Piga mpira wa kwanza hadi kijiti cha karibu, wa pili hadi cha kati, wa tatu hadi cha mbali, halafu rudi ukishuka. Usirudie umbali uleule mara mbili mfululizo. Anayepiga mipira kumi kutoka sehemu moja huzoea sehemu hiyo tu, na uwanjani hatapewa puti mbili zinazofanana. Angalia pia sauti: mpira uliopigwa katikati ya uso wa fimbo una mlio mkavu, mfupi. Uliopigwa kwenye ncha hulia butu na kufika pungufu, hata kama mkono ulikwenda sawasawa.

5. Unapojaribu fimbo hewani, macho yawe shimoni. Huukodolei mkono macho unapomrushia mtu chungwa. Unamtazama yeye, na mkono unajua. Jordan Spieth, bingwa wa Masters mwaka 2015, alifika mbali zaidi: puti fupi nyingi alizipiga hukohuko akilitazama shimo. Si lazima umuige, lakini jaribu ukiwa mazoezini.

6. Ijue kasi ya siku. Mwaka 1935, Edward Stimpson alitazama US Open pale Oakmont, akaona mipira ikiteleza hadi nje ya grini, akabuni kifaa cha kuipima kasi hiyo. Ni kipande kirefu chenye mfereji; mpira huachiwa ushuke nao, kisha hupimwa ni futi ngapi umebiringika. Grini ya futi 8 na grini ya futi 11 zinahitaji mikono miwili tofauti. Ndiyo maana uwanja wa Muthaiga, Nairobi, ulipoandaa Kenya Open haukuwa ule wa Jumanne yako. Fika mapema, upige puti chache ndefu kwenye grini ya mazoezi, kwa sababu ukishaanza kucheza shimo, sheria hazikuruhusu kubiringisha mpira wala kusugua nyasi ili kupima.

7. Soma nyasi. Umande wa asubuhi huukamata mpira, na njia iliyokwisha pitiwa huonekana kama alama nyeusi kwenye weupe. Penye bermuda, nyasi hulala upande mmoja. Zikimetameta mbele yako, zimelala kuelekea unakopiga na mpira utakimbia. Zikionekana za giza, utagoma. Ukitilia shaka, inama utazame mdomo wa shimo: upande mmoja umekatika safi, mwingine umechakaa. Nyasi zimelala kuelekea huo uliochakaa.

8. Mpira ukipita shimo, usigeuke kwa hasira. Utazame hadi usimame. Umekuonyesha bure njia ya puti ya kurudi.

9. Muulize kedi swali lingine. Kwenye uwanja ambao amebeba mifuko tangu ujana wake, anajua grini ya saba hukauka kabla ya nyingine na ile ya 14 hudanganya. Badala ya "kulia au kushoto?", mwulize, "Ndugu yangu, hii nipige kama ya mita ngapi?" Mwinuko utaigeuza puti ya mita sita kuwa ya nane, mteremko utaifanya ya nne. Akikuambia "piga ya nne," chagua sehemu iliyo mita nne mbele yako, upige hadi hapo, na uuachie mteremko umalizie. Mstari atakuambia pia, lakini uuchukue baada ya namba, maana mpira wa taratibu hupinda zaidi ya ule wa kasi.